Kilemba cha Ukoka

Sebuleni kwetu Igogo, Mwanza, juu ya redio, kulikuwa na cheti ndani ya fremu ya kioo. Kilimtaja baba kwa majina yake yote matatu, kikamwita mfanyakazi bora, mwaminifu na mchapakazi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja kilipotundikwa. Kila rafiki yangu aliyepita nyumbani nilimsimamisha pale akisome kwa sauti.

Ulikuwa mwaka 1999. Umoja wa Ulaya ulikuwa umezuia samaki wa Ziwa Victoria, na viwanda vya minofu ya sangara, vilivyozoea kunguruma usiku na mchana, vikawa vinahesabu watu wa kupunguza. Baba alikuwa mkata minofu. Siku ya kuagwa walipikiwa pilau, wakasomewa hotuba, wakapigiwa makofi, wakapiga picha. Kila mmoja akapewa cheti chake. Saa za ziada alizokuwa akidai kwa miezi mingi hazikutajwa na mtu yeyote, na yeye, katikati ya makofi yale, hakuona pa kuziuliza.

Bibi mzaa mama alikuwa ametutembelea kutoka Pangani. Alipanda basi hadi Dar es Salaam, kisha treni ya Reli ya Kati kupitia Tabora hadi Mwanza, akafika miguu imevimba na kapu la nazi halijaguswa. Mbele ya baba hakusema kitu. Mtu na mkwewe wana mipaka yao. Alisubiri tukabaki wanawake peke yetu jikoni, tunachambua dagaa kwenye ungo, ndipo akasema taratibu, bila hata kuinua macho:

"Mkwe wangu wamemvika kilemba cha ukoka."

Mama alinyamaza. Mimi nikauliza ukoka ni nini.

Kesho yake asubuhi akanishika mkono, tukashuka hadi kwenye njia ya bomba. Pembezoni mwa njia kulikuwa na majani yale yanayotambaa chini, yenye vifundo vifundo, ambayo sisi tuliyaita majani tu. Akang'oa mashada marefu, akayasuka, akamzungushia mdogo wangu kichwani kilemba kizuri ajabu, kijani kibichi, chenye kishungi kwa nyuma. Mdogo wangu akatembea uwanja mzima kama sultani, na watoto wa jirani wakampigia magoti. Hata mimi nilimwonea wivu.

Saa sita jua la Mwanza lilikuwa limeshafanya kazi yake. Yale majani yalisinyaa, yakageuka nyasi kavu, vipande vikawa vinamdondokea machoni. Alasiri mbuzi wa jirani akamfuata kwa nyuma, akakivuta kilemba chote mara moja, akakitafuna. Mdogo wangu alilia kwa uchungu ambao sikuuelewa, maana ni majani tu. Bibi hakucheka. Alimfuta machozi, kisha akanigeukia. "Umeona, mke mwenzangu? Asubuhi ni kilemba. Jioni ni chakula cha mbuzi."

Nilidhani nimeelewa. Kwa miaka mingi nililichukua neno lile kuwa njia ya watu wa pwani ya kusema uongo. Shuleni tulifundishwa methali ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji, nikaiweka kapu moja na kilemba cha ukoka. Sisi watoto wa Ziwa hatukuwahi kumwona mgema, na wengine tuliwaza ndovu hadi mwalimu alipotueleza kuwa tembo ni pombe ya mnazi. Ila hayo ni mambo mawili tofauti. Methali ya mgema inamlaumu anayesifiwa. Kilemba cha ukoka kinamtazama anayesifu.

Tofauti hiyo niliilipia magunia saba.

Nilianza kuuza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la ufukweni hapa Mwanza, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mwanzoni niliuza kwa sado, kisha kwa debe, kisha kwa gunia. Asiyeijua kazi hii huona dagaa ni dagaa. Wapo waliovuliwa katika giza la mwezi, taa zikawavuta wakaja kwa wingi, wakapandishwa alfajiri na kuanikwa jua likiwa la kwanza. Hao hukauka wakabaki na rangi ya fedha. Wapo waliokutwa na mvua, wakapoteza rangi na kuanza kunuka. Wapo walioanikwa mchangani, ambao hata uwapete vipi, ukiwatafuna meno yanakujulisha. Na wapo wa chanja, walioanikwa juu ya nyavu zilizonyooshwa kwenye miti, hewa inapita juu na chini. Mimi nilijitahidi kununua wa chanja tu. Nilijulikana kwa hilo, na nilikuwa na haki ya kujulikana.

Akaja mteja mmoja wa jumla kutoka bara huko. Mtu mpole, nguo safi, salamu ndefu za kuulizia hadi wagonjwa wa nyumbani. Hakuniomba punguzo hata siku moja, na hilo peke yake lilitosha kunilewesha. Alikuwa akichota dagaa kwenye gunia langu, anawainua mbele ya wachuuzi wengine na makuli, anasema, "Hawa ndio dagaa. Mwalo mzima huu, mwenye dagaa ni mmoja." Wenzangu walikuwa wanasikia. Nilihisi kichwa kinakua. Safari mbili alilipa taslimu. Ya tatu akasema, baada ya sifa ndefu kuliko zote, kwamba mtu kama mimi hawezi kukosa imani na watu, hivyo nimpe mali kauli ya wiki mbili. Nikampa magunia kumi na nane. Kwa wasioijua, mali kauli ni mzigo unaouchukua leo kwa neno lako, ukauze, ndipo urudi kulipa.

Alilipa kumi na moja, kidogo kidogo, na kila malipo yalikuja na sifa. Nilipomkumbusha ya yale saba aliniambia kwa simu kwamba uvumilivu wangu unamshangaza, na kwamba wafanyabiashara wa aina yangu wamekwisha nchi hii. Nikakata simu nimefurahi. Ilinichukua dakika nzima, nimesimama kati ya magunia, kugundua kwamba sikupewa tarehe wala kiasi.

Bibi alikuwa bado hai wakati huo, hakurudi tena Pangani. Nilimkuta barazani anapunga upepo, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamsimulia kila kitu. Hakuniuliza magunia mangapi. Aliniuliza, "Alichokusifia ni kweli au si kweli?"

Nikasema ni kweli. Dagaa wangu walikuwa wazuri.

"Basi hapo ndipo walipokukamata," akasema.

Nikabisha kidogo. Nilikuwa na mteja mwingine, mwalimu mstaafu wa Kiswahili kutoka Nyakato, na yeye aliwahi kunieleza kwamba kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa jambo asilokuwa nalo. Ukimwita mwoga shujaa, hicho ni kilemba cha ukoka. Ndiyo maana mtu muungwana akisifiwa kupita kiasi hujitetea: "Jamani, msinivike kilemba cha ukoka." Kwa hiyo, nikamwambia bibi, kama sifa ni ya kweli neno lenyewe halifai.

Bibi akasema mwalimu hakukosea, ila alianza na ukoka, akasahau kuanza na kilemba. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia hapa kwetu Ziwani. Kwao, mtu anapooa, mbali na mahari ya bibi harusi, kuna mkaja wa mama na kuna kilemba cha baba. Hivyo hutolewa, huhesabiwa, watu hushuhudia. Fundi naye, akimaliza kumfundisha mwanafunzi wake, alipewa kilemba. Zamani kilikuwa kitambaa kweli, baadaye ikawa fedha, lakini jina likabaki. "Kilemba ni haki ya mtu," akasema. "Umemlea binti, kilemba chako hiki. Umenifunza kazi, kilemba chako hiki. Sasa mwenye deni akija, badala ya kitambaa akakusukia majani, wewe tazama kichwa chako kikiwa kizuri, yeye kitambaa anacho mkononi."

Hapo nikauona upya ukuta wa sebule. Baba alikuwa kweli mchapakazi. Hakuna neno hata moja kwenye cheti kile lililokuwa uongo.

Tangu siku hiyo nikawa nalisikiliza neno hili kwa makini, pamoja na ndugu zake. Unafiki ni zito mno. Lina harufu ya msikitini na kanisani, ukimwita mtu mnafiki umevunja uhusiano. Kujikomba na kujipendekeza ni kwa mtu wa chini akimwelekea wa juu. Kuzuga, kama wanavyosema vijana wa mwaloni, ni kujifanya tu, na mara nyingine hakuna anayeumia. Anayeuma na kupuliza anajulikana kwa alama ya meno. Aliye karibu kabisa na kilemba cha ukoka ni yule anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: unahisi chupa inapita mwilini, mkono ni laini, lakini mafuta hayatoki. Hata hivyo naona kuna tofauti. Wa mgongo wa chupa anakuahidi kitu. Wa kilemba cha ukoka hakuahidi chochote. Anakupa kitu papo hapo, tena mbele za watu, na unakipokea kwa mikono miwili, na unasema ahsante.

Na jambo jingine: nadra sana mtu akamwambia mvikaji usoni. Neno hili huishi jikoni. Husemwa na anayetazama, kumwambia mwingine anayetazama, naye aliyevikwa ndiye wa mwisho kujua.

Kuna watu wanaokwenda mbali zaidi, wanaona kila neno zuri ni ukoka. Siwaungi mkono. Hapa kwetu ukimkuta mtu shambani au jikoni unasema pole na kazi. Ukiwa unakula na mtu akatokea mlangoni unamwambia karibu, hata kama ugali ni wa kumtosha mmoja. Nimewasikia vijana wakisema huo ni uongo wa kistaarabu. Si uongo. Mama yangu alisema karibu kwa watu maisha yake yote, na kila mara aliyekaribishwa alipokaa, mama alisogea, akamega tonge dogo zaidi. Nimelala nusu njaa kwa sababu ya karibu hiyo. Neno lililo tayari kulipiwa haliwezi kuitwa ukoka.

Ningependa simulizi iishie kwa yule mteja, mimi nikiwa niliyeonewa. Lakini kilichonifundisha zaidi ni kilemba nilichosuka mimi.

Alikuja binti mmoja kutoka Ukerewe, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Alikuwa ametoka kumzika mama yake, na ndiyo kwanza ameingia kwenye biashara ya mama. Alishuka na boti la mizigo, viroba viwili, ananiita dada kwa sauti ya mtu asiyelala. Nilichota dagaa wake. Kabla hata sijawapeleka mdomoni niliujua mchanga kwa vidole. Alikuwa ameanika ufukweni, labda juu ya gunia lililotoboka, akakusanya kwa ufagio.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na fuso linasubiri kupakiwa, dalali ananipigia kelele, na mbele yangu uso wa mtoto aliyefiwa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, wazuri sana hawa. Umeanza vizuri. Endelea hivyo hivyo." Nikanunua sado mbili kwa bei kamili, nikasema leo nimejaza, angekuja mapema ningechukua zote. Akafurahi hadi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Zile sado mbili niliwapa kuku wa jirani jioni.

Nilirudi nyumbani nikijiona mwema. Nataka hili lieleweke, maana ndilo linalonitisha mpaka leo: sikuhisi hatia hata kidogo. Nilihisi upole.

Wiki tano baadaye alirudi na magunia tisa. Alikuwa amekopa kwenye kikoba cha akina mama wa kijijini, akanunua dagaa wabichi kwa wingi, akaanika kama alivyoanika mwanzo. Nilikuwa nimemwambia aendelee hivyo hivyo. Siku hiyo nilikuwa Buhongwa kwenye msiba, sikuwapo mwaloni. Wanunuzi walitia mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakatema. Magunia yote tisa yakaenda kwa watu wa chakula cha kuku, chini ya nusu ya alichotegemea, na hilo baada ya kutoa nauli, ushuru na makuli.

Alinisubiri hadi kesho yake. Alilala kwenye turubai pale pale mwaloni ili anione. Hakuja na ugomvi. Aliuliza tu, "Dada, si ulisema wazuri?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichomjibu, na sipati jibu lolote la maana. Nilisema kitu kuhusu soko. Nilisema kitu kuhusu mvua. Alikuwa ananiangalia, na nikaona anaanza kuelewa wakati mimi bado naongea, na nikaendelea kuongea.

Mtu atasema hakunidai wala sikumwibia, kwa hiyo kitambaa hakikubaki kwangu. Kilibaki. Nilikuwa na kitu chake, ule ujuzi wa kujua mchanga kwa vidole, ambao mimi mwenyewe nilifundishwa bure na mama mmoja wa Kijita nilipokuwa sina lolote. Kumwambia kungenigharimu robo saa ya asubuhi ile, na kuvumilia kuuona uso wake ukianguka. Nikaona heri nimpe majani. Robo saa yangu niliitunza, akailipa yeye kwa magunia tisa na deni la kikoba.

Bibi alikuwa ameshafariki. Sikuwa na wa kumsimulia. Nilimsimulia mama, naye akaniuliza swali moja tu: huyo binti anaanika wapi sasa?

Nikapanda meli ya Nansio, kwao Ukerewe, siku ya Jumamosi. Sikwenda kuomba radhi kwa maneno. Nilikuwa nimeyaogopa maneno yangu. Nilibeba nyavu kuukuu nilizonunua kwa wavuvi na misumari. Miti tuliipata huko huko. Tulisimamisha chanja tatu nyuma ya nyumba yao, urefu wa kiunoni, tukamwonyesha mdogo wake jinsi ya kuwageuza dagaa bila kuwavunja vichwa. Jioni nilimweleza wazi kwamba siku ile nilijua. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilishajua kuwa ulijua. Ulipochota, uliwasugua kwanza." Akaendelea kusuka kamba.

Sasa hivi ananiletea mzigo wake, si wote. Mwingine anampelekea mnunuzi mwingine ambaye, kwa maneno yake, ni mkali lakini hazungushi. Aliponiambia hivyo iliniuma, na sikubisha.

Mwaloni wananiona mgumu siku hizi. Mtu akinifungulia gunia, natia mkono hadi kwenye kiwiko, nachota wa chini, natafuna mbele yake. Kama ni mchanga nasema mchanga. Kama ni mvua nasema mvua. Kama ni wazuri nasema wazuri, halafu hapo hapo nahesabu pesa, kwa sababu sitaki neno langu na mkono wangu viachane tena. Wapo walionihama kwa hilo. Mmoja aliniambia sina ulimi wa biashara. Huenda kweli. Na mtu akinisifu, naye anaijua kazi, nashukuru kwa moyo, kisha namuuliza yake ni magunia mangapi na analipa lini.

Mwaka jana baba alihamia kwangu. Wakati wa kushusha vitu fremu ilianguka na kioo kikapasuka vipande vitatu. Nilifikiri, kwa yote niliyoyajua, huu ndio wakati wa kukitupa cheti kile. Baba akasema, "Kakatishe kioo kingine, mwanangu, ukirudishe." Hakutaka mjadala.

Nikakipeleka kwa fundi wa vioo pale mjini. Alipokitoa cheti kwenye fremu akakigeuza, akaniita. Nyuma yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa baba ule wa herufi kubwa zilizolala, kulikuwa na majina ya miezi kumi na moja, na mbele ya kila mwezi idadi ya saa. Chini alikuwa amepiga mstari na kujumlisha. Saa mia tatu na kumi na mbili.

Fundi akaniuliza niwekewe upande upi mbele. Nikampigia baba simu. Alikaa kidogo, nikasikia redio yake nyuma.

"Ule ule wa siku zote," akasema. "Lakini mwambie asifute wa nyuma."